Baridi ya Shangazi

Shangazi alikuja kufa siku ya Jumanne. Alishuka kwenye teksi na masanduku yake, mto wake wa kulalia, na picha yake kubwa yenye fremu, aliyopigwa enzi hizo mashavu yamejaa na shingo ina pingili. Picha hiyo, alisema, ndiyo iwekwe mbele ya watu siku ya msiba, kwa sababu hakuwa na mpango wa kuagwa na sura aliyokuwa nayo sasa.

Daktari alikuwa amemwambia tu kwamba moyo wake umechoka, apunguze kazi na chumvi. Shangazi aliitafsiri kauli hiyo kwa namna yake. Alifunga nyumba, akagawa kuku, akampigia simu mtoto wa kaka yake kumjulisha kwamba amechagua kufia kwake, maana katika ukoo mzima yeye peke yake ndiye mwenye kiyoyozi. Alikuwa amefanya kazi karibu maisha yake yote kwenye ghala la kugandishia nyama, akivaa makoti mazito huku wenzake nje wakiyeyuka, na joto alilichukulia kama tusi. Waume zake wote aliwazika kwenye jua la saa nane. Yeye hakutaka hata kufa kwa jasho, achilia mbali kuzikwa.

Huyo mtoto wa kaka alikuwa mwalimu wa udereva. Mtaa mzima walimwita Breki, kwa ugonjwa unaowapata watu wa kazi ile: hata akiwa amekaa kwenye kochi anatazama taarifa ya habari, jambo likimshtua mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu. Mkewe aliuza dawa kwenye duka lililo kona ya barabara, naye aliitwa Dozi, kwa sababu hakuna mteja aliyetoka mikononi mwake bila kuahidi kwamba dozi ataimaliza. Watoto wao walikuwa wameshakua na kwenda zao. Kiyoyozi kilikuwa chumbani kwao, kimoja tu, juu ya kitanda, na walikuwa wamekipenda kuliko baadhi ya ndugu. Siku hiyo hiyo walikusanya nguo zao, wakatandika godoro sebuleni kati ya meza na televisheni, na Shangazi akaingia chumbani kama bibi harusi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Chumba kilipoa mpaka Dozi akiingia kumpa dawa alijifunika kanga mabegani. Shangazi alilala chali, mikono kifuani, akifanya mazoezi ya kufa. Kisha, baada ya muda, akaanza kulalamika. Kiyoyozi, alisema, kinapuliza lakini hakipozi. Kama mtu anayekupa pole huku anatazama saa.

Breki aliingia, akasimama chini ya mashine, akaweka kiganja. Upepo ulikuwepo. Alichukua rimoti akashusha nyuzi mpaka zikagoma kushuka, akatoka akijiona amemaliza kazi. Jioni chumba kilikuwa vilevile, na Shangazi alikuwa amejipepea kwa kifuniko cha sufuria ili watu waone.

Kuanzia hapo kiyoyozi kikawa ndicho mgonjwa wa nyumba. Watu waliokuja kumjulia hali Shangazi waliuliza kwanza hali ya mashine. Breki alipanda kwenye kiti akafungua kifuniko, akavuta chujio, na kilichotoka kilikuwa blanketi. Vumbi, nywele, nyuzi za shuka, vyote vimeshikana vikawa kitu kimoja ambacho ungeweza kukishonea soli. Dozi alilipeleka chujio bafuni akaliosha kwa sabuni, akaona aibu ya mwanamke anayewahimiza watu usafi kutwa nzima na nyumbani kwake analala chini ya kitu kama kile. Walilianika, likakauka, wakalirudisha. Upepo uliongezeka. Baridi haikuongezeka.

Wakahamia kwenye mashine ya nje, ile iliyofungwa ukutani upande wa barabara. Mapezi yake yalikuwa yamejaa manyoya ya njiwa, majani makavu na mfuko wa nailoni ulionasa kama umeambiwa ungoje hapo. Breki aliung'oa, akaosha mashine kwa mpira wa maji huku majirani wakitoa ushauri. Mchana wa siku ile chumba kilipoa kidogo, wakapongezana. Kesho yake Shangazi alitangaza kwamba ameota yuko jikoni kwa watu wengine, ndani ya tanuri.

Ndipo akaitwa Gesi. Alikuwa fundi wa mitaa ile, na jina alilipata kihalali, kwa sababu ukimwita kwa tatizo lolote, hata mlango unaolia, angekwambia gesi imepungua. Alisikiliza mashine kwa sikio moja, akafumba macho, akasema gesi imepungua. Akaongeza gesi. Jioni hiyo ikanyesha mvua kubwa, mtaa mzima ukapoa, na Gesi akapata sifa zote. Mvua ilipokatika na joto kurudi, Gesi alipigiwa simu, akasema bila hata kufika kwamba hiyo sasa ni gesi imezidi.

Dozi alikuwa akitazama haya yote bila kusema sana. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kutowaamini watu wanaojua ugonjwa kabla ya kuuliza. Mteja akija anakohoa, humuuliza kikohozi kimeanza lini, kinazidi saa ngapi, na amekula nini. Basi akaanza kukihoji kiyoyozi kwa njia hiyo hiyo. Aligundua kwamba asubuhi kabla hajaenda kazini chumba kilikuwa baridi sawasawa. Mchana akipita kuleta chakula, kimeharibika. Jioni kinarudi polepole. Alimweleza mumewe, na Breki akasema hilo ni jua, dirisha la chumbani limeelekea linakozidi. Wakakubaliana wanunue pazia zito. Jambo la ajabu ni kwamba Shangazi, ambaye alibishana na kila kitu kuanzia chumvi mpaka rangi ya mashuka, pazia alilikubali papo hapo, tena akaomba liwe zito kuliko lile walilochagua, na lisifunguliwe kabisa, kwa sababu mwanga unamuumiza kichwa.

Pazia likawekwa. Chumba kikawa giza na joto.

Breki alianza kukonda. Alikuwa akirudi kutoka kazini, hajavua hata viatu, anaenda kusimama chini ya mashine na kuweka kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Alizungumzia kupasua dari na kujaza pamba. Alizungumzia kuing'oa mashine yote ukutani. Dozi alipomwambia apumzike alimjibu kwa ukali ambao haukuwa wake, kisha akaomba radhi, kisha akarudi tena kuweka kiganja.

Dozi akatafuta fundi mwingine. Alikuja dada mmoja mwenye ovaroli, mpole wa maneno, aliyefungua begi lake na kupima kila kitu bila kutoa maoni. Alipima upepo unaotoka, akapima gesi, akatoka nje, akashika bomba nene linaloingia ukutani. Akamwita Dozi naye alishike. Lilikuwa baridi, linatoka jasho kama chupa ya soda.

"Mashine yako haina tatizo, dada," alisema. "Inapoza vizuri tu. Wewe tafuta baridi yako inakwenda wapi."

Dozi aliyabeba maneno hayo mpaka dukani na kurudi nayo. Siku iliyofuata aliomba ruhusa akatoka kazini mapema. Aliziba uwazi wa chini ya mlango kwa kanga iliyokunjwa. Alipanda kwenye ngazi akakagua dari. Alichoma kijiti cha kiberiti karibu na soketi kuona kama moshi unavutwa. Lilibaki dirisha, lakini alipokaribia pazia Shangazi alishika kichwa na kuanza kugumia, kwa hiyo Dozi akaona alikague kwa nje. Aliaga kwamba anakwenda sokoni. Alichukua gundi ya kuzibia nyufa, akazunguka nyumba, akaingia kwenye kichochoro kinachoitenganisha nyumba yao na ya jirani.

Jirani huyo alikuwa seremala mzee, mjane, aliyejulikana kwa jina la Randa. Zamani alitengeneza vitanda na makabati, lakini tangu watu waanze kununua vya dukani alibaki na bidhaa ambayo haina mpinzani, majeneza. Alikuwa mtu wa maneno machache na adabu nyingi.

Jua lilikuwa linachoma. Kuku wa mtaa walikuwa wamelala ubavu, midomo wazi. Na kwenye kichochoro hicho, chini ya dirisha la chumba chake, Dozi alimkuta Mzee Randa amekaa kwenye kigoda, amevaa sweta, kofia ya sufu imevutwa mpaka masikioni. Dirisha lilikuwa wazi, kioo chote kimesukumwa pembeni. Hewa ya kiyoyozi ilikuwa ikimwagika kati ya nondo na kumshukia mzee utosini. Mkono wa Shangazi, ukiwa na bangili zake zote, ulikuwa umetoka nje kati ya nondo hizo, na Randa alikuwa ameushika kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine alishika futi ya kupimia.

Walitazamana. Randa alisimama, akavua kofia, akasalimia vizuri kabisa. Kisha akaeleza kwamba anachukua vipimo.

"Vipimo vya nini, mzee wangu?" Dozi akauliza.

"Vya jeneza."

"Langu," sauti ya Shangazi ikasema kutoka nyuma ya pazia, bila dalili yoyote ya kuumwa kichwa. "Usimbabaishe mtu wa watu, mkwe. Nimemwita mimi."

Dozi aliangalia futi, akauangalia mkono, akauliza kwa upole kama jeneza hilo litakuwa na mikono. Randa aliinamisha macho. Mambo yalitoka moja moja. Shangazi alikuwa amemwita siku za mwanzo kabisa, kupitia dirishani, kumwagiza kazi yake mapema asije akachongewa na mtu baki. Vipimo vya kwanza havikumridhisha. Aliona mabegani pamebana. Randa akarekebisha, akaja kueleza. Kisha akaona mbao ni nyepesi. Kisha wakajadili misumari. Kisha, siku moja, walimaliza kujadili misumari na hakuna aliyeondoka. Kila siku Dozi akishakwenda kazini kioo kilisukumwa, kikafungwa tu akileta chakula, wakaongea mpaka jua linaposhuka. Baridi ilimkaba kifua mzee, Shangazi akamwambia aje na sweta.

Dozi aliwaacha hapo hapo. Alirudi jikoni, akafunga mlango, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni. Kicheko kilipoisha akakumbuka kiganja cha mumewe chini ya mashine, na hakuona tena cha kuchekesha. Alikwenda chumbani, akavuta kiti karibu na kitanda, akamwambia Shangazi kwamba jambo lenyewe si baya na yeye si polisi, lakini Breki anataka kupasua dari. Amwambie mwenyewe, leo, au atasema yeye.

Shangazi alizipanga upya bangili zake mkononi. Akauliza kama Breki kweli anahangaika kiasi hicho kwa ajili ya upepo tu.

"Si upepo, Shangazi," Dozi alimjibu. "Anaogopa utakufa."

Jioni ile, wakiwa mezani, Shangazi alitoka chumbani kwa miguu yake, akaketi, akajipakulia. Hakuwa amewahi kula nao tangu afike. Aliposhiba alisema kiyoyozi hakina ubaya, dirisha huwa liko wazi, na analifungua yeye ili azungumze na seremala. Alisema kwa sauti ile ile ambayo mtu angeombea maji. Mguu wa Breki ulikanyaga sakafu, glasi zikaruka.

Aliongea mengi Breki, na yote yalikuwa ya haki kwa upande wake. Kwamba amelala chini sebuleni mpaka mgongo umepinda. Kwamba ameosha mapezi ya mashine mbele ya majirani waliokuwa wanajua wanachokijua. Kwamba watu watasema mgonjwa amepelekwa kufa na badala yake anachumbiwa, tena kichochoroni, tena na mtu wa majeneza. Shangazi alimwacha amalize.

"Kufa nimekuja kufa kweli, sijakudanganya," alisema. "Ila hakujafika bado. Hapo katikati ulitaka nifanye nini, mwanangu, nihesabu mapezi ya hicho kidude?"

Breki aliinuka, akatoka, akavuka kichochoro. Dozi alimfuata mpaka mlangoni, akabaki hapo, tayari kukimbia kama sauti zingepanda.

Karakana ya Randa ilikuwa imejaa maranda mpaka kwenye vifundo vya miguu, inanukia mbao mbichi. Katikati, juu ya benchi, lilikaa jeneza lisilo na mfuniko, pana kuliko jeneza lolote Breki aliloliona. Alikuwa amekuja na hotuba. Badala yake akauliza kwa nini limekuwa kubwa hivyo. Mzee alijibu kwamba kila alipokuwa karibu kulimaliza alilifungua tena. Alitoa ubao huu akaweka ule, akapanua hapa, akakwangua pale. Alijua vizuri kwamba haliingii kaburi lolote. Lakini siku atakapolimaliza, alisema, angesimama kwenye lile dirisha akitafuta nini?

Breki alitafuta mahali pa kukaa, hakukuwa na kiti, akakaa ukingoni mwa jeneza. Hotuba ilikuwa imempotea yote. Alichokisema ni kwamba mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na Shangazi alimchukua akamlea, akimfunga kwenye koti lake la ghalani nyakati za asubuhi. Kwamba tangu aje na masanduku yale hakuna siku aliyoweza kumwuliza anajisikiaje, kwa kuogopa jibu. Kuuliza habari za mashine kulikuwa rahisi zaidi. Alifikiri akiweza angalau kukipoza chumba... Hapo sauti ikakatika, na Randa, ambaye katika kazi yake alikuwa ameona wanaume wengi wakilia juu ya mbao zake, alimpa kitambaa cha kufutia gundi, maana hakuwa na kingine.

Breki aliposimama kuondoka, uso umepakaa gundi, alisema neno moja tu la maana.

"Mzee, kuanzia kesho pitia mlangoni. Dirisha lifungwe."

Basi ikawa hivyo. Mchana wa kesho yake Mzee Randa alibisha hodi mbele, amenyoa, akapewa kiti chumbani. Dirisha lilifungwa, pazia likabaki limefunguliwa ili mwanga uingie, na kiyoyozi kikafanya kazi kama siku kilipotoka dukani. Chumba kiliganda. Shangazi alifurahi, na mzee alikaa pale na sweta lake na blanketi juu, meno yanagongana. Alivumilia kwa mapenzi siku kadhaa, kisha akaanza kukohoa kikohozi kirefu kisichopendeza.

Dozi alimpa dawa na kumtaka amalize dozi. Lakini ni Shangazi mwenyewe aliyechukua rimoti na kuzima. Alisema hawezi kuua mume mwingine, tena huyu kabla hata hajamwoa. Wakaanza kukaa barazani kwa Randa, ambako hakuna kiyoyozi wala feni, miguu yao iko ndani ya beseni moja la maji. Breki alimpeleka Shangazi kwa daktari, safari hii akaingia naye mpaka ndani, akauliza yote aliyokuwa akiogopa kuuliza. Daktari alisema moyo bado umechoka. Alisema pia kwamba mioyo mingine huendelea kuchoka hivyo kwa miaka, mradi mwenyewe asile chumvi na asikasirishwe. Shangazi alimtazama kama mtu aliyeuziwa tiketi ya basi lisilokuwepo.

Walioana kwa kuandikisha tu, asubuhi moja, Dozi na Breki wakiwa mashahidi. Karani aliuliza kama kuna anayelazimishwa. Randa alisema hapana. Shangazi alisema anaona njaa.

Jumapili iliyofuata, Shangazi akiwa ameshahamia kwa mumewe, baada ya chakula cha mchana Breki na Dozi walirudisha nguo zao kabatini, wakajilaza kwenye kitanda chao kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mashine ilikuwa inavuma taratibu juu yao. Breki alinyoosha mgongo, ukalia sehemu kadhaa. Hawakuwa wamefumba macho bado zilipoanza kusikika sauti kutoka ng'ambo ya kichochoro, kitu kizito kinaburutwa sakafuni, kinasimamishwa, kinaburutwa tena kurudi kilikotoka, na Shangazi akitoa amri kwamba kabati haliwezi kukaa mkabala na mlango, hapana, na hapo pia hapana.

Breki aliinua kichwa. Alisema mzee yule ataumia mgongo, na Shangazi haruhusiwi kukasirika, bora aende akawasaidie. Alikuwa ameshashusha mguu mmoja sakafuni Dozi alipomshika shati kwa nyuma.

"Waache," alisema.

Breki alisikiliza. Kule ng'ambo kabati lilisimama. Kisha vikasikika vicheko viwili, kimoja cha chini sana, cha mtu asiyezoea. Breki aliupandisha mguu kitandani.